Diplomi ya utawala inaweza kulinda msitu: maneno kwa vijana wetu na wazazi wao

(Maneno haya yalitolewa katika mkutano wa wanachama, hapa Sake. Tumeyaandika jinsi yalivyosemwa, tumepunguza kidogo tu ili yaingie kwenye gazeti letu.)

 

Chama kiliniomba niongee juu ya masomo na kazi. Nimechagua swali moja ambalo wazazi wananiuliza kila mara tangu turudi: mtoto aliyesomea SPA, yaani Sayansi za Siasa na Utawala, atafanya nini hapa kwetu? Baba ameuza mbuzi, mama ameuza maharagwe ya misimu mitatu, mtoto amemaliza Goma, ana diplomi yenye kashe ya chuo. Leo mtoto huyo anasukuma chukudu ya makala. Baba anauliza: "Sasa tulilipia nini?"

Mimi mwenyewe nilisomea utawala. Leo kazi yangu ni ya tereni, katika ONG, na sehemu kubwa ya kazi hiyo inahusu misitu na watu wanaoishi kando yake. Kwa hiyo jibu nitakalotoa si la kitabuni peke yake. Jibu ni hili: kazi ya kulinda msitu inahitaji mtu wa utawala kama vile inavyohitaji mtaalamu wa wanyama na mlinzi wa parke. Hapa kwetu ningesema inamhitaji zaidi, kwa sababu ugomvi mwingi wa msitu huku hautoki kwa wanyama. Unatoka kwenye mipaka, feza, haki na karatasi.

Sisi na parke

Tuanze na mahali tulipo. Sake iko mlangoni mwa Parke ya Virunga. Parke hiyo iliundwa mwaka 1925, ndiyo ya kwanza katika Afrika nzima. Mwaka 1979 UNESCO iliiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia, na mwaka 1994 ikaiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Upande wetu huu kuna msitu ulioota juu ya mawe ya Nyamulagira. Makala yanayopita Sake kwenda Goma yanatoka wapi, kila mtu hapa anajua. Hatuna haja ya kunong'onezana.

Tunajua pia tulivyorudi. Mwezi wa pili mwaka 2024 tulikimbilia Goma, tukaishi chini ya bashi kambini. Mwanzoni mwa mwaka 2025 kambi zikavunjwa, tukarudi. Wengi walikuta nyumba hazina mabati wala milango, na mashamba yamekuwa pori. Mtu aliyerudi hivyo anahitaji vitu vitatu haraka: miti ya kujenga, kuni za kupika, na feza kidogo ya kuanzia. Msitu uko pale, na unatoa vyote vitatu.

Mimi siwezi kusimama mbele yenu kumlaumu mama anayeuza makala ili watoto wake wale usiku. Lakini msitu nao una mwisho wake. Mvua tunayotegemea, maji ya vijito, na miti ambayo wajukuu wetu watajengea, vyote vinatoka huko. Basi swali ni nani atakaa kati ya yule mama na parke, aseme: mpaka unapita hapa, haki yako ni hii, msaada upo huu, na malalamiko yako yataandikwa na kujibiwa. Mlinzi mwenye bunduki hakufundishwa kazi hiyo. Mtaalamu wa sokwe pia hakuifundishwa. Aliyefundishwa ni mtoto wako wa SPA.

Kazi yenyewe ni nini

Nitatoa mifano mitatu ili tuone kazi kwa macho.

Mfano wa kwanza ni mpaka. Mpaka wa Virunga unategemea andiko la mwaka 1935, la wakati wa Wabelgiji. Andiko lile linaeleza mpaka kwa mito, vilima, na mistari iliyonyooka kutoka alama moja hadi nyingine. Mtu wa leo akisimama shambani kwake na karatasi ile, ataona wapi mstari ulionyooka? Lazima mtu asome andiko, aketi na Mwami, na machifu wa vijiji, na watu wa parke, watembee pamoja kwa miguu, waweke alama, waandike PV, wote watie sahihi. Ile ni kazi ya utawala tupu. Pale ambapo haikufanywa, watu wamelima miaka mingi mahali ambapo parke inasema ni pake na wao wanasema ni pao.

Mfano wa pili ni msitu wa jamii. Wengi hawajui kwamba Leta inaruhusu jamii kuwa na msitu wake kwa karatasi halali. Kanuni ya misitu ya mwaka 2002 ilifungua mlango, kisha dekreti nambari 14/018 ya tarehe 2 Agosti 2014 ikaeleza njia. Jamii inaweza kupewa hadi hektari 50,000, bila kununua, na bila tarehe ya mwisho, mradi ni msitu wao wa asili kwa mila na wautunze vizuri. Anayetia sahihi ni gavana wa jimbo. Ndugu zetu wa Walikale wameshika njia hii. Misitu yao ni mikubwa na ndani yake kuna sokwe wa nchi ya chini, ambao hawapatikani nchi nyingine yoyote duniani. Mwaka 2016 watafiti walikadiria kwamba sokwe hao wamebaki 3,800 tu. Mwaka 2021, baada ya hesabu pana zaidi, wakasema ni karibu 6,800.

Sasa angalieni dosie ya msitu wa jamii inadai nini. Inadai mkutano wa jamii nzima na PV yake. Inadai wawakilishi waliochaguliwa. Inadai ramani ambayo majirani wameikubali. Baada ya gavana kutia sahihi, agizo la waziri la mwaka 2016 linataka vyombo vinne: mkutano mkuu wa jamii, komite ya kusimamia, komite ya kuchunguza na kufuatilia, na baraza la wazee. Chombo kimoja kinaamua, kingine kinatenda, kingine kinachunguza, kingine kinapatanisha. Ninyi vijana wa SPA mmekwisha kuisoma hiyo chuoni kwa jina la mgawanyo wa madaraka, mkadhani ni ya Kinshasa peke yake. Kumbe iko kijijini, na inahusu miti.

Mara moja tulikaa siku mbili katika kijiji kimoja kwa sababu ya jina la kijito. Koo mbili zilikuwa zinakiita majina mawili tofauti, na kila ukoo uliona kwamba jina la mwingine likiandikwa kwenye ramani, ardhi itakuwa imekwenda. Wenzetu wa wanyama walikuwa wamemaliza hesabu yao zamani, wamefunga mizigo, wanangoja. Hakuna aliyeweza kuondoka kabla wazee hawajakubaliana. Mwishowe majina yote mawili yaliandikwa, na sahihi za koo zote mbili zikawekwa chini. Bila ile karatasi, hesabu ya wanyama isingekuwa na kazi, kwa sababu mwaka unaofuata watu wangepigana mahali palepale.

Mfano wa tatu ni feza. Kwa jirani zetu Waganda, asilimia 20 ya feza ambayo watalii wanalipa kuingia parke inarudi kwa serikali za mitaa zilizo jirani na parke. Kwa Wanyarwanda, jamii za jirani zilikuwa zinapata asilimia 5 ya mapato ya utalii, na mwaka 2017 ikapandishwa kuwa 10. Feza hiyo haijigawi yenyewe. Lazima mtu aandike budje, watu wachague kama wanataka shule au maji, soko litangazwe, risiti zihifadhiwe, na mkutano uelezwe feza imekwenda wapi. Mahali hesabu inasomwa wazi, watu wanaanza kuona parke ni jirani. Mahali haisomwi, wanasema wakubwa wamekula, na wanachukua panga kurudi msituni.

Wapo waliopita njia hii

Mtu anaweza kuniambia: "Mtumishi, hayo ni maneno. Nani amefanya?"

Kenya, shirika la Leta linalosimamia wanyama pori, KWS, liliongozwa tangu mwaka 2004 hadi 2012 na Julius Kipng'etich. Yeye hakusomea wanyama. Alisomea biashara na usimamizi katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mbele yake shirika hilo liliongozwa na Richard Leakey, mtu maarufu wa mifupa ya kale, ambaye hakuwa hata na diplomi ya chuo kikuu. Mwaka 1999 rais wa Kenya alimtoa Leakey kwenye wanyama akamweka kuwa mkuu wa watumishi wote wa Leta. Mmoja alitoka usimamizi akaingia kwenye wanyama, mwingine alitoka kwenye wanyama akaingia kwenye utawala. Hizo kazi mbili zina ukuta mwembamba sana kati yao.

Tusiende mbali. Hapa katika jimbo letu, upande wa Lubero na Walikale, kuna hifadhi ya Tayna. Haikuanza na amri kutoka juu. Ilianza mwaka 1998 na Bami wa Bamate na Batangi, ambao walikubali wenyewe kutenga sehemu ya ardhi ya watu wao kwa ajili ya sokwe, na kazi hiyo ikaongozwa na Pierre Kakule Vwirasihikya. Leta ikaitambua kwa maandishi mwaka 2006. Walifika mpaka kuanzisha chuo kule Kasugho ili watoto wa palepale wasomee uhifadhi. Fikirieni ni mikutano mingapi, barua ngapi, safari ngapi za Kinshasa.

Na Kivu Kusini kuna Dominique Bikaba, ambaye alianzisha shirika la Strong Roots mwaka 2009. Kazi yao kubwa ni kuunganisha Parke ya Kahuzi-Biega na hifadhi ya Itombwe kwa misitu ya jamii, mmoja baada ya mwingine. Kila msitu ni dosie yake. Mwaka 2018 alipewa tuzo ya Whitley kule Uingereza. Waliompa tuzo walitazama sokwe, lakini njia aliyopita kuwafikia sokwe ilikuwa machifu na karatasi.

Utawala ukikosekana

Upande mwingine wa jambo hili pia tuutaje, kwa sababu unaumiza. Parke ya Kahuzi-Biega iliundwa mwaka 1970, na mwaka 1975 ikapanuliwa mpaka ndani ya Walikale. Ndugu zetu Batwa waliokuwa wanaishi msituni waliondolewa, bila kuulizwa na bila kupewa ardhi nyingine ya kutosha. Zaidi ya miaka hamsini imepita, na damu imemwagika juu ya jambo hilo, ya Batwa na ya walinzi. Mwaka 2024 ilitangazwa hukumu ya Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyosema kwamba nchi yetu ilivunja haki zao.

Leo tuna sheria nambari 14/003 ya mwaka 2014, inayotaka watu waulizwe kabla ya eneo jipya la hifadhi kuundwa. Tuna sheria ya mwaka 2022 ya kulinda haki za Batwa na wenzao. Ni sheria nzuri. Lakini sheria haitembei kwa miguu mpaka kijijini. Lazima mtu aibebe, aisome kwa Kiswahili na kwa Kihunde, asikilize majibu, ayaandike bila kuyapindua. Mtu huyo asipokuwepo, mambo ya Kahuzi yatarudi mahali pengine, labda hapa.

Njo maana sitaki vijana wetu wafikiri kwamba kulinda mazingira ni kazi ya wazungu wanaopenda wanyama. Ni namna ya kulinda haki ya mama na baba zetu wakati mipaka inaandikwa. Ikiwa mtoto wetu hayupo kwenye meza ile, mwingine ataandika.

Kijana afanye nini

Sasa ninyi wa nyuma, sogeeni. Nitasema mambo manne.

Moja: chagueni memware yenye kazi. Kila mwaka naona memware juu ya demokrasia ya nchi za mbali. Andika juu ya kodi za makala kwenye barabara ya Sake na Goma: nani anaitoza, kwa sheria gani, inaingia wapi. Andika juu ya namna chifu anavyoamua ugomvi wa shamba la mtu aliyerudi. Ukimaliza, utakuwa unajua jambo ambalo ONG na hata ICCN wanalihitaji.

Mbili: ongeza kile ambacho SPA haikukupa. Jifunze kutumia GPS na kusoma ramani. Kwa sasa simu inatosha kuanzia. Jifunze majina ya miti kwa wazee, kwa lugha zetu. Jifunze kuandika hesabu ambayo mkaguzi anaweza kuisoma. Anayetaka kuendelea zaidi, pale Kinshasa kuna ERAIFT, shule iliyoundwa mwaka 1999 kwa ajili ya usimamizi wa misitu ya nchi za joto, na inapokea watu wa masomo mbalimbali. Tanzania kuna chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963, ambako wasimamizi wengi wa mbuga za Afrika wamepita. Kiingereza kitasaidia.

Tatu: tafuta staji mahali padogo. Kijana anataka kuanzia ofisi kubwa ya Goma yenye kiyoyozi. Anza kwenye ofisi ya usultani, kwenye chama cha wakulima, kwenye komite ya maji. Mtu ambaye amewahi kuandika PV ya mkutano wenye ugomvi, na pande zote mbili zikatia sahihi, huyo ana kitu mkononi.

Nne: jueni kwamba parke yenyewe ina kazi zisizo za bunduki. Kuna wahasibu, kuna wa sheria, kuna wa magari na stoo, kuna wanaoshughulikia watumishi, na kuna sehemu ya uhifadhi pamoja na jamii. Virunga leo inatoa hata umeme: kituo cha Matebe kule Rutshuru kinafanya kazi tangu mwaka 2015. Umeme unahitaji mikataba, ankara, na watu wa kuongea na wateja. Na kila nyumba inayopika kwa umeme inapunguza gunia la makala.

Kwa wazazi

Wazazi wangu, sitawadanganya. Kazi hizi si nyingi. Nyingine ni za mkataba wa miezi sita, proje ikifungwa mtu anarudi nyumbani. Mara nyingine mshahara unachelewa. Na hatari ipo. Virunga imepoteza walinzi zaidi ya 200 katika historia yake. Mwezi wa nne mwaka 2020, karibu na Rumangabo, walinzi 12 waliuawa siku moja. Mtu wa karatasi anapita barabara zilezile. Mzazi akiogopa, ana haki.

Lakini pima na yale yaliyopo. Yule kijana anayelala msituni akichoma makala naye yuko katika hatari, na hana mkataba wowote, hata wa mwezi mmoja. Na diplomi ile tayari mmeilipia. Afadhali ifanye kazi.

Ombi kwa chama na kwa wafadhili

Nitamaliza na mambo matatu ninayoomba tuyaamue pamoja.

Kwanza, chama kihesabu vijana wetu waliosoma. Tuna daftari la waliorudi, tuna daftari la nyumba zilizobomoka, lakini hatuna daftari la diplomi. Nani alisomea SPA, nani sheria, nani kilimo. Kazi hiyo inaweza kuanza kesho na haihitaji feza.

Pili, kati yao tuchague wawili, msichana mmoja na mvulana mmoja, wawe waandishi wa ugomvi wa ardhi na kuni wa wanachama wetu. Waandike kila kesi: shamba lipi, mpaka upi, nani anadai, wazee wanasema nini. Wapeleke nakala kwa Mwami na kwa watu wa parke. Miezi sita baadaye tutakuwa na kitu cha kuonyesha mezani, badala ya kila mtu kulia peke yake.

Tatu, kwa wafadhili. Mmetuletea miche ya miti, na tunashukuru kabisa. Lakini miche iliyopandwa kwenye shamba lenye ugomvi, mwenye kushinda kesi ataing'oa. Tunaomba katika kila proje ya miti muweke pia kiasi kidogo cha kuwalipia hao vijana wawili usafiri, karatasi, na simu yenye GPS. Haitazidi bei ya magunia machache ya miche, na itafanya miche mingine ipone.

Kama kuna swali, niko hapa mpaka saa kumi, na wale ambao hawapendi kuuliza mbele ya watu watanikuta chini ya ule mti wa avoka. Vijana, njooni na diplomi zenu, hata zile zilizolowa mvua kambini. Tutaziandika.